Uzi: Kutoka ufundi hadi uongozi, jinsi ya kuwaachia watu kazi bila biashara kuyumba

#1 Mleta uzi, Dar es Salaam

Habari zenu wakuu.

Humu jamvini tunajadili sana mtaji. Kila wiki utakuta uzi wa nianze na milioni ngapi, nikope wapi, nifungue duka gani. Ni maswali ya maana. Ila wale watu watakaoufanyia kazi huo mtaji utawaongozaje? Hilo naona halina wenyewe, na mimi kwa muda niliokaa kwenye biashara ya samani naamini karakana nyingi zinafia hapo hapo. Oda zilikuwepo na hela ilikuwepo.

Niko Keko. Nilianza kama saidia, kazi yangu kushika mbao upande wa pili wa mashine na kupiga msasa. Baadaye nikawa fundi, na sasa naendesha karakana yenye mafundi, masaidia, wapaka vanishi na dada anayeshika hesabu.

Hali iko hivi kwa wengi. Fundi hodari anafungua karakana yake, anaajiri watu, lakini yeye mwenyewe habadiliki. Anabaki fundi hodari ambaye sasa ana mishahara ya kulipa. Bei anapanga yeye, mbao anachagua yeye, vipimo anachukua yeye, gundi ikiisha anaulizwa yeye, mteja akipiga simu lazima aongee na yeye. Akipata msiba Moshi, akiondoka siku tatu, kazi zinalala. Akirudi anawaka: "Nyie watu hamjitumi kabisa!" Ukiwauliza wale vijana pembeni watakwambia hawajawahi kuambiwa ni jambo gani wanaruhusiwa kuamua. Kijana aliyewahi kugombezwa kwa kununua gundi bila ruhusa hatanunua tena, hata kazi isimame kutwa nzima.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu maana ndio kiini cha uzi huu.

Tulikuwa na oda ya kitanda cha sita kwa sita, cha mbao za mninga, cha mteja wa Kigamboni, na tulishamwahidi Jumamosi. Mimi sikuwepo mjini. Mbao zilipofika, fundi kiongozi alipasua ubao wa kwanza na kuona unga wa mbao unagandana na kung'ang'ania kwenye msumeno badala ya kuruka. Akanyanyua ubao mwingine, mzito kuliko ubao mkavu wa kipimo kile. Mbao mbichi. Anayejua samani anajua kinachofuata: kitanda kinatoka kizuri, kinapakwa vanishi kinang'aa, halafu kikishakaa chumbani maungio yanaanza kuachia, ubao wa kichwani unapinda, mteja anakupigia simu akiwa na hasira ya haki.

Yule fundi alisimamisha kazi. Akawaambia masaidia wazirudishe mbao kwenye toroli, akazirudisha kwa muuzaji na kudai kavu. Akachukua simu ya karakana akampigia mteja mwenyewe. Alimweleza bila kuzunguka kwamba mbao zilizokuja hazijakauka, tukilazimisha utajuta, tupe hadi katikati ya wiki ijayo, au kama una haraka tuna mkongo mkavu hapa, bei yake ni hii. Mteja akachagua kusubiri mninga. Mimi nilipewa habari jioni, kila kitu kikiwa kimeshamalizika.

Fundi aliweza kufanya vile kwa sababu mipaka ilishawekwa, na iliwekwa mbele ya wote. Kusimamisha kazi yoyote kwa ajili ya ubora ni mamlaka yake, hata kama bosi ameshatoa ahadi. Kusogeza tarehe kwa siku chache ni mamlaka yake, kwa sharti kwamba ampigie mteja yeye mwenyewe kabla mteja hajapiga. Kununua vitu vidogo vya kazi kama gundi, msasa, misumari na thina ni mamlaka yake hadi kiasi tulichokubaliana, risiti ibaki kwa dada wa hesabu. Kupunguza bei, kukopesha mteja, kuajiri na kuachisha mtu, hayo yanakuja kwangu. Hayo tu. Ni maneno machache, ila yakishasemwa wazi mtu anaacha kufanya kazi kwa kuviziavizia uso wa bosi.

Wajapani wa Toyota walilijenga jambo hili kuwa utaratibu wa kiwanda kizima. Asili yake ni nguo. Mzee Sakichi Toyoda alikuwa mtengenezaji wa mashine za kufumia, na mashine yake iliyokamilika mwaka 1924 ilijisimamisha yenyewe uzi ukikatika, ili isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Familia ilipoingia kwenye magari, wazo lile likahamia kwa binadamu: mfanyakazi yeyote kwenye mstari wa kuunganisha gari akiona kasoro anavuta kamba, taa inawaka, kiongozi wa kundi anamwendea mbio. Tatizo lisipotatuliwa haraka, mstari unasimama. Kila dakika ya kusimama kiwanda kama kile ni hela nyingi, na bado wanaona ni nafuu kuliko kupeleka gari bovu kwa mteja.

Wengi tunapolisikia hilo tunaishika ile kamba, tunamsahau yule kiongozi anayekimbia kwenda. Siku ya kwanza mtu akivuta kamba na akaambulia matusi, umeshamaliza, hakuna atakayeivuta tena. Kwa hiyo yule fundi wangu jioni ile nilimshukuru mbele ya wenzake, na asubuhi yake tukakaa wawili tukajadili tutazikaguaje mbao kule kule kwa muuzaji, kabla ya kupakiwa.

Kitu cha pili tunachofanya ni kikao cha asubuhi, tukiwa wima, kabla mashine hazijawashwa. Kila mmoja anasema jana aliishia wapi, leo anashika nini, na kipi kinamkwamisha. Saidia naye anasema. Mimi nasema mwisho, na hilo nalisisitiza sana. Bosi akitangulia kutoa maoni, wote waliobaki watasema "ni kweli bosi" na hutajifunza chochote siku hiyo.

Nami kuna vitu nilipaswa kuvisomea ambavyo ufundi haukunipa. Kusoma hesabu ni cha kwanza. Advansi ya mteja ikiingia kwenye simu inafanana kabisa na faida, na karakana ngapi zimekufa kwa kula advansi ya mteja wa leo ili kumalizia kazi ya mteja wa mwezi uliopita? Marehemu Reginald Mengi alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, akafikia kuongoza kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu hapa nchini kabla ya kujikita kwenye kampuni zake za IPP, na biashara yake ya mwanzo ilikuwa kuunganisha kalamu za wino. Watu wanaisimulia sana ile kalamu. Mimi naona tuusimulie zaidi ule uhasibu uliotangulia.

Cha pili ni namna ya kujibu. Fundi akija na "bosi, hapa tufanyeje?", jibu langu la kwanza ni "wewe umeonaje?" Mwanzoni watu wanadhani unawapima au unawatega. Wakiona mara kadhaa kwamba wazo lao linafuatwa, wanaanza kuja na wazo mkononi kabisa. Huko ndiko kukua, kwao na kwako.

Naomba michango, hasa ya wenye biashara zenye wafanyakazi wachache.

#2 Mdau, Mbagala

Mkuu umeandika vizuri na nimekuelewa. Ila tuongee ukweli wa mtaani. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Vijana wa sasa hawaaminiki. Nikikaa dukani mwenyewe mauzo yanaonekana, nikitoka mchana mmoja tu hesabu hazilingani. Sasa mtu ninayehisi ananiibia nimwachie maamuzi vipi? Si nitafunga duka?

#3 Mleta uzi

Kaka, hoja yako ni nzito, sitaki kuipita juu juu.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Kumwachia mtu maamuzi ni kumpa mipaka na njia ya kukaguliwa. Kumwachia duka bila njia ya kukagua ni kumtupa kwenye majaribu, na hata mtu mwema anaweza kuanguka humo. Anayepokea hela asiwe huyo huyo anayeandika mzigo ulioingia na huyo huyo anayekwenda kununua. Kama mko wawili tu, basi mzigo uandike wewe. Malipo ya simu yapitie lipa namba ya biashara, yasiende kwenye namba ya kijana, wala kwenye namba yako binafsi. Halafu hesabu mzigo, ila usihesabu wote kwa mpigo mwisho wa mwaka. Leo hesabu nondo tu, kesho kutwa bati, siku nyingine saruji, bila kutangaza siku. Inachukua dakika chache.

Pili, kabla ya kumshuku mtu angalia bidhaa yenyewe. Misumari unainunua kwa boksi na kuiuza kwa kilo na nusu kilo. Kila mizani ikiwekwa, mkono wa muuzaji unaongeza miwili mitatu ili mteja aridhike. Ukifika chini ya boksi lazima kuna upungufu, na hakuna aliyeiba. Saruji nayo, mfuko ukipasuka ukauzwa kwa kupimwa, hesabu haitarudi ilivyokuwa. Kama hujaweka kiwango cha upungufu unaokubalika kwa bidhaa za kupima, utamtuhumu kijana kila mwezi, na kijana anayetuhumiwa kila mwezi mwisho wake anaona bora aibe kweli.

Tatu, na hili wenye biashara hatupendi kulisikia: mshahara wake unatoka tarehe ileile kila mwezi? Mfanyakazi asiyejua atalipwa lini anajipangia mwenyewe. Sisemi wizi unahalalishwa. Mwizi akithibitika, achukuliwe hatua kwa utaratibu. Nasema kiongozi aanze na yale yaliyo mikononi mwake.

#4 Mdau, Arusha

Asante kwa uzi huu kaka. Mimi nafanya mapishi ya sherehe, harusi, sendoff, ubarikio, misiba pia. Nataka kuongeza jambo ambalo sisi wanawake wenye biashara tunakutana nalo sana: kuongoza watu waliokuzidi umri, na kuongoza ndugu.

Jikoni kwangu kuna mama wa makamo ambaye alianza kupika pilau la watu mia tatu mimi nikiwa shule ya msingi. Huyu siwezi kumwita mbele ya wasichana nikamwambia "nyama imekauka leo". Atanyamaza, ataendelea kufanya kazi, lakini moyo wake utakuwa umeshaondoka, na wale wasichana wataanza kumdharau yeye au kunichukia mimi. Nilichokuja kukielewa ni kwamba heshima ya umri na mamlaka ya kazi vinaweza kukaa pamoja, ila lazima uvipange. Asubuhi naanza na shikamoo kama mtoto wake. Kisha tunakaa pembeni na orodha ya shughuli: mama, watu ni wangapi, mchele kilo ngapi, nyama inaletwa saa ngapi. Yeye ndiye mkuu wa sufuria zote za wali na pilau, na wasichana wa upande huo wanapokea maelekezo kwake, mimi siwarukii kichwani. Nikiona kasoro namwuliza yeye faragha, "mama, leo moto ulikuwaje?" Mara nyingi ana sababu ambayo sikuijua: kuni zilikuwa mbichi, au nyama ilichelewa kufika akalazimika kuongeza moto.

Na ndugu. Mtoto wa shangazi akichelewa, ukimwachia kwa kuwa ni ndugu, siku hiyo hiyo umeshawaambia wengine wote kwamba sheria ni kwa ajili yao tu. Ukimkata posho, jioni shangazi anapiga simu. Mimi niliamua kuzungumza na shangazi kabla ya kumchukua mtoto. Nilikwenda nyumbani kwake, nikamweleza saa za kazi, malipo, na nini kitatokea akichelewa, mtoto mwenyewe akiwa amekaa pale pale. Tangu hapo simu hazipigwi.

Kina dada wenye nafasi, Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, wana programu ya Female Future inayoandaa wanawake kwa nafasi za uongozi na ujumbe wa bodi, wanaiendesha kwa ushirikiano na waajiri wa Norway, NHO. Inawalenga zaidi walioko kwenye kampuni. Natamani sana kitu cha aina ile kiwafikie wenye migahawa na saluni.

#5 Mleta uzi

Dada, hapo kwa shangazi umenifundisha. Kuzungumza na wazazi kabla ya ajira nitaifuata na mimi, kwa sababu nusu ya masaidia wa Keko huletwa na ndugu. Na umegusa kitu kikubwa: hukuwarukia wale wasichana wa upande wa wali. Ukishampa mtu watu wa kuongoza, halafu ukawa unawaamuru wewe moja kwa moja, umemvua cheo bila kumwambia.

#6 Mdau, Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Mimi niko kwa biashara ya maziwa na mtindi, nasoma nyuzi zenu kila siku.

Kuna hadithi ya huku ambayo kila mfanyabiashara mdogo anafaa kuijua. Benki ya Equity ilianza 1984 kama chama cha kukopesha watu wajenge nyumba. Kufikia 1993 ilikuwa imefilisika kwa hesabu za vitabu, hasara imemeza mtaji. Ndipo akaingia James Mwangi, naye mhasibu kama huyo Mengi wenu. Walichobadilisha ni nani wanamhudumia. Waliacha kutegemea mikopo ya nyumba, wakamgeukia mama wa sokoni, mkulima wa chai na maziwa, mtu ambaye benki kubwa zilikuwa zinamfungia mlango kwa kumdai salio kubwa la kufungulia akaunti. Ikawa benki kamili 2004, ikaingia soko la hisa la Nairobi 2006, na leo iko hadi Kongo, Uganda, Rwanda, Tanzania na Sudan Kusini.

Funzo ninalochukua mimi: mkakati kama huo hauwezi kufanywa na mkurugenzi akiwa ofisini peke yake. Unafanywa na yule karani wa kaunta, namna anavyomkaribisha mzee mwenye gambuti za matope na pesa zilizokunjwa kwa leso. Karani akimdharau, mkakati wote umekwisha pale pale. Kwangu mimi, yule kijana anayepima maziwa ya mkulima saa kumi na moja alfajiri ndiye uso wa kampuni. Nilianza kumtuma yeye kwenye mikutano ya wakulima badala ya kwenda mwenyewe. Amekuwa mtu mwingine. Sasa anajua ng'ombe wa nani amezaa na nani ataleta maziwa zaidi mwezi ujao, mambo ambayo mimi nilikuwa sijui kabisa.

#7 Mdau, Dodoma

Wakuu naona mnaongelea makampuni. Mimi nina saluni ya kiume, vinyozi wawili. Mikataba, vikao, mipaka ya mamlaka, si ni kupoteza muda? Tunaelewana kwa mdomo, maisha yanaenda.

#8 Mleta uzi

Mkuu, mkiwa watatu ndiyo wakati rahisi kuliko wote wa kuanza. Mkiwa kumi na watano kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake ya mlichokubaliana.

Kwanza kuna sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yake, mahali, saa, malipo. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku zisizidi 6. Saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Anayelipwa kwa mwezi, ukitaka kuachana naye notisi ni siku 28, na lazima kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki. Mfanyakazi akiona ameachishwa kwa kuonewa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na pale utaulizwa maandishi. "Tulielewana kwa mdomo" ni kauli ngumu kuitetea ukiwa mbele ya msuluhishi. Kuna mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambako michango ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10, na kuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri. Kwa karakana yenye mashine ya kupasulia mbao, huo wa fidia ni jambo la kufa na kupona. Nimeona vidole vikienda.

Saluni nyingi kinyozi hulipwa kwa mgawo wa kila kichwa. Hapo ndipo maandishi yanahitajika zaidi: nani ananunua nyembe na spiriti, umeme ukikatika inakuwaje, mteja akija akimtaka kinyozi fulani naye hayupo atasubirishwa au atapewa mwingine. Ugomvi wa saluni mwingi unaanzia hapo kwenye mteja wa nani.

Pili, kuna njia nyepesi ya kuanzia ambayo haihitaji hata lugha ya uongozi. Ile ya Kijapani ya S tano, kwa Kiswahili sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hospitali zetu zimeitumia sana, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Sisi tulianza na ukuta wa zana. Kila patasi, randa na nyundo ilichorwa umbo lake ukutani. Jioni ukitazama ukuta unaona kilichokosekana bila kumuuliza mtu. Anayesimamia ule ukuta ni saidia, na alianza akiwa mdogo kuliko wote pale. Fundi asiporudisha patasi, saidia anamfuata na fundi anairudisha. Yule kijana amejifunza kumwambia mkubwa wake jambo la kazi kwa adabu na bila woga, na huo ndio uongozi wenyewe.

Dodoma, anza na meza ya mashine za kunyolea. Mpe mmoja wao usimamizi wa usafi na uchemshaji wa vifaa, na umtambulishe hivyo kwa wateja.

#9 Mdau, Morogoro

Mimi sina biashara. Nimeajiriwa kwenye karakana ya uchomeleaji, mageti na madirisha. Nina ujuzi lakini sina cheti, na bosi wangu siyo kama nyie, kila kitu anaamua yeye. Nitakuaje?

#10 Mleta uzi

Mdogo wangu, swali lako limenigusa kuliko yote kwenye uzi huu.

La cheti lina njia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa vitendo kile unachokijua, wanakujazia mapengo, unapewa cheti. Nenda ofisi ya VETA iliyo karibu nawe uulize kuhusu uchomeleaji. Kwa fundi wa kuchomelea hii ina maana sana, maana zabuni nyingi zinataka karatasi.

La bosi: usimwombe madaraka, mwombe hesabu ya kazi moja. Mwambie, "Bosi, hili dirisha la leo naomba nikuandikie limetumia nini." Andika urefu wa mabomba na flati, vijiti vya kuchomelea, jiwe la kukatia, rangi, umeme, nauli ya kufunga, muda wenu. Mpe karatasi. Usimwambie kwamba bei yake ni ndogo au kubwa, mpe tu karatasi. Fanya hivyo kwa kazi chache mfululizo. Bosi yeyote anayetaka hela atauliza, "Hivi lile geti la juzi lilitumia ngapi?" Siku hiyo umeshakuwa mtu anayeulizwa. Na hata asipouliza kamwe, wewe utakuwa umeshajua kukadiria kazi, kitu ambacho mafundi wengi wenye mikono ya dhahabu hawakijui hadi wanazeeka.

Fundi kiongozi niliyemsimulia kule juu alipitia njia hiyo hiyo. Hakupewa uongozi kwa sababu ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote; yupo mwenzake anayemzidi kwa uchongaji, na mwenyewe anakiri. Alipewa kwa sababu alikuwa anajua kila kazi imefikia wapi, hata ambazo si zake, na akimwelekeza saidia alikuwa anamwonyesha, kisha anamwachia msumeno na kusimama kando. Mafundi wengi hawawezi kusimama kando. Wanapokonya kifaa.

Jizoeze hilo sasa hivi. Kama kuna kijana mpya chini yako, mfundishe kazi moja hadi aiweze bila wewe. Huhitaji ruhusa ya bosi kwa hilo.

#11 Mdau, Arusha

Kaka naomba utuwekee mpangilio wa daftari unalotumia karakanani. Nataka nilijaribu kwenye shughuli zangu.

#12 Mleta uzi

Dada, ni daftari la kawaida la kurasa nyingi, tumelipiga mistari kwa rula. Kila oda ina ukurasa wake. Juu kuna jina la mteja, simu, kitu alichoagiza na vipimo, na mteja anatia saini hapo hapo kwenye vipimo. Chini yake advansi iliyoingia na kwa njia gani, na salio. Kisha safu za vifaa: kitu, kiasi, bei, nani kanunua, risiti ipo au haipo. Upande wa kulia ni hatua za kazi, kupasua, kuranda, kuunga, msasa, vanishi, kupeleka, na kila hatua ina jina la aliyeifanya na la aliyeipokea akairidhia. Hilo la mpokeaji ndilo linalobeba daftari zima: anayepaka vanishi asipoikubali kazi ya msasa, haandiki jina lake, na kazi inarudi. Chini kabisa tumeacha nafasi ya maamuzi yaliyofanyika bila mimi kuwepo, mistari miwili mitatu, nani kaamua nini. Hapo ndipo ninaposoma kwanza nikirudi.

Kwako wewe hatua zingekuwa sokoni, kuandaa, kupika, kupakua, kuhudumia, kurudisha vyombo. Vyombo vipe ukurasa wa peke yake, nadhani ndiko hela yenu inakopotelea. Kesho nikifika kazini nitapiga picha ya ukurasa mmoja niiweke hapa, nikiwa nimefunika jina na namba ya mteja.